Losheni ya jua na vipodozi vya asili: maswali ninayoulizwa mezani

Natengeneza sabuni na mafuta ya ngozi hapa Tanga, na nauza mezani kwangu mwenyewe. Maswali haya ndiyo ninayoulizwa, mengine kila siku, mengine na mtu ambaye uso umeshaharibika. Nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa kwenye kigoda changu, pamoja na yale majibu yanayonikosesha wateja.

Wakiandika "asilia" kwenye chupa, wana maana gani?

Wana maana wanayoitaka wao. Neno hilo halimbani anayeliandika. Kiwanda kinaweza kudondosha tone la alovera kwenye pipa zima la losheni kisha kikachora jani kubwa la kijani kwenye lebo. Na hata kama kila kilichomo kimetoka shambani kweli, bado hujajibiwa. Upupu umetoka shambani. Utomvu wa ganda la korosho umetoka shambani, na wanaobangua kwa mkono watakuonyesha vidole vyao. Maziwa ya mnyaa yakikuingia jichoni utakesha unalia. Zebaki nayo inachimbwa ardhini, hakuna aliyeitengeneza.

Kwa hiyo mteja akiniuliza "hii ni ya asili?" najibu ndiyo, halafu nasubiri aulize la pili: itaifanyaje ngozi yangu? Wengi hawalifikii hilo la pili. Wanalipa wanaondoka.

Na "haina kemikali"?

Maji ni kemikali. Chumvi ni kemikali. Sabuni yangu ya mafuta ya nazi haiwezi kuwa sabuni bila kostiki soda, na kostiki soda ikikumwagikia inakutoa ngozi. Anayekuambia chupa yake haina kemikali ama hajui alichokitia, ama hataki ujue.

Mimi ni mweusi. Losheni ya jua inanihusu nini?

Hapa nitakaa kidogo, maana nasikia uongo wa pande mbili.

Upande wa kwanza unasema mweusi hadhuriwi na jua. Upande wa pili, ambao umekuja na matangazo ya simu, unasema kila mtu apake kila siku, hata aliye ndani amefunga pazia. Ukweli ni kwamba melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inafanya kazi kubwa. Vipimo vilivyofanywa Marekani mwaka 1979 vilionyesha ngozi nyeusi inajikinga yenyewe kwa kiwango kinacholingana na SPF 13 hivi (SPF ni namba ya jinsi losheni inavyokinga ngozi isiungue), na ngozi nyeupe kama SPF 3. Ndiyo maana mama zetu wamelima mpunga na kuvua dagaa maisha yao yote bila losheni, na saratani ya ngozi si kitu tunachokisikia kila mtaa. Hata melanoma, ile saratani kali, ikimpata mweusi mara nyingi hutokea nyayoni, viganjani au chini ya kucha, mahali ambapo jua halichomi. Bob Marley, aliyefariki mwaka 1981, ilimwanzia kwenye kidole gumba cha mguu. Losheni ya jua isingemsaidia. Kutazama miguu na kwenda hospitali mapema ndiko kunakosaidia. Doa jeusi jipya unyayoni, au mstari mweusi unaopanuka ndani ya ukucha, hilo ni la daktari, si langu.

Lakini SPF 13 si ukuta. Jua letu la karibu na ikweta ni kali mwaka mzima, na ukipanda milimani linazidi: kila mita 1,000 unazopanda, mionzi ya urujuanimno (UV) inaongezeka kama asilimia 10. Wa Lushoto na wa Nairobi wanahisi baridi wakadhani jua limepoa, kumbe wanaungua kuliko sisi tunaotokwa jasho huku pwani. Mawingu nayo yanapitisha sehemu kubwa tu.

Sasa nani mweusi anayeihitaji? Mwenye mabaka usoni, yale yanayokuja na mimba au sindano za uzazi wa mpango, maana dawa yoyote ya mabaka bila kinga ya jua ni kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Mwenye chunusi zinazoacha alama nyeusi. Mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia mwili wenyewe. Anayetumia dawa zinazoifanya ngozi iogope jua, kama doksisiklini, ambayo watu wengi huimeza bila kuambiwa hilo. Na anayepaka dawa za usoni zenye retinoidi, jamii ya vitamini A. Usipokuwa miongoni mwao, na ngozi yako haina shida, kofia na kivuli vinakutosha. Sitakutisha ili uninunulie kitu.

Mtu mwenye ualbino je?

Kwake losheni ya jua haina hiari, na hapa naomba wauzaji wenzangu wanisikilize. Usimuuzie mtu mwenye ualbino mafuta ya nazi, ya shea wala ya karoti ukamwambia yanakinga jua. Tanzania inakadiriwa kuwa na mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400, kiwango kikubwa kuliko sehemu nyingi za dunia, na kinachowaua mapema ni saratani ya ngozi. Huanza kama kidonda kidogo kisichopona sikioni, shingoni au kwenye mdomo wa chini, na anaambiwa apake mafuta.

Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, wanatengeneza losheni iitwayo Kilisun kwa ajili ya watu wenye ualbino, na huwafikia bure kupitia kliniki zinazozunguka mikoani. Fomula yake ilitungwa kwa kuzingatia joto letu na ngozi zao. Kenya nako, baraza la taifa la watu wenye ulemavu huwapa losheni bure kupitia hospitali za umma. Kwa hiyo swali la kwanza liwe kliniki ya ngozi iliyo karibu na vyama vya watu wenye ualbino vya mkoa, kabla ya duka. Losheni peke yake haitoshi: mikono mirefu, kofia pana inayofunika masikio (kapelo haifuniki), na mwalimu anayemruhusu mtoto akae kivulini wakati wa gwaride.

Kuna losheni za "madini" na za "kemikali". Tofauti yake ni nini, na ipi salama?

Za madini zinatumia unga wa aina mbili. Kwenye lebo utaona zinc oxide au titanium dioxide, wakati mwingine zote mbili. Nyingine zinatumia vichujio, yaani vitu vya kuzuia mionzi, vinavyoyeyuka kwenye losheni, na majina yake ni marefu: oxybenzone, octinoxate, avobenzone, octocrylene. Watu husema madini yanarudisha mionzi kama kioo na nyingine zinaimeza. Si hivyo hasa. Unga wa zinki nao unameza sehemu kubwa ya mionzi na kuirudisha kidogo tu. Tofauti yenye maana ni kwamba unga unabaki juu ya ngozi, na vile vinavyoyeyuka vinaingia.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilichapisha majaribio mawili, mwaka 2019 na 2020. Watu walipakwa mwili karibu wote, mara kadhaa kwa siku, kisha wakapimwa damu. Vichujio vyote vilivyojaribiwa vilionekana damuni kwa kiwango kinachozidi kile ambacho mamlaka hiyo inakiacha bila kudai vipimo zaidi. Mwaka huohuo wa 2019 ilipendekeza kwamba ni zinki na titani tu vinavyojulikana kuwa salama na vinafanya kazi, na vingine viletewe taarifa zaidi. Soma vizuri hapo: kuonekana damuni si sawa na kudhuru, na mamlaka hiyohiyo iliwaambia watu waendelee kujipaka. Umoja wa Ulaya haukuipiga marufuku oxybenzone. Ulipunguza kiwango chake.

Mimi kwa mjamzito, mtoto na mwenye ngozi inayowasha nasema zinki. Kwa mwingine, ile atakayoipaka kila siku bila kuichukia. Za kupuliza siziungi mkono za aina yoyote: unga wa titani haudhuru ukiwa kwenye ngozi, lakini mapafu ni habari nyingine, na nusu ya kopo inaenda na upepo.

Hiyo ya zinki inaniacha mweupe kama chokaa. Nifanyeje?

Najua. Mara ya kwanza kuipaka, shangazi yangu alinitazama akaniuliza kama natoka mashine ya kusaga.

Tafuta iliyotiwa rangi ya ngozi. Rangi hiyo inatokana na oksidi za chuma, udongo mwekundu kwa lugha nyingine, na haipo kwa urembo tu. Mabaka ya ngozi nyeusi huchochewa pia na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na vichujio vingi visivyo na rangi haviuzuii huo. Oksidi za chuma zinauzuia. Kwa hiyo mwenye mabaka achague yenye rangi hata kama hajali weupe. Shida ni kwamba rangi nyingi zinazoletwa madukani zimetengenezwa kwa ngozi za watu wengine. Jaribu taya, sio mkono, na utoke nje ya duka ujitazame juani.

SPF 50 ni bora mara mbili kuliko 25?

Hapana. SPF 15 inazuia kama asilimia 93 ya mionzi ya UVB, ile inayounguza, 30 inazuia asilimia 97, na 50 inazuia 98. Baada ya 30 unalipia kidogo sana. Ila namba hizo hupatikana maabara wakipaka tabaka nene, na hakuna mtu mtaani anayepaka hivyo. Uso na shingo vinataka mistari miwili ya losheni iliyojaa vidole viwili vya mkono, cha shahada na cha kati. Mwili wa mtu mzima aliyevaa nguo ya kuogelea unataka mililita 30 hivi, na baada ya saa mbili anarudia. Piga hesabu: chupa ya mililita 100 haimalizi siku moja ya ufukweni. Ukipaka nusu ya hiyo, SPF 50 yako sio 50 tena.

SPF pia haisemi lolote kuhusu UVA, mionzi inayopita kwenye kioo cha daladala na inayozidisha mabaka. Tafuta herufi UVA zilizozungushiwa duara, au maneno ya kwamba inakinga UVA na UVB.

Mafuta ya nazi, ya shea, ya mbegu za karoti yanakinga jua kwa kiwango gani?

Nayauza yote matatu, kwa hiyo niamini ninapokuambia: usiyategemee. Namba za ajabu zinazosambaa, kwamba mbegu za karoti ni SPF 38, hazitokani na kipimo cha mafuta yenyewe juu ya ngozi ya mtu. Mafuta ya nazi yakipimwa hayafiki hata 10. Ukijipaka ukakaa juani utaiva.

Kazi yake ni nyingine, na huko ni mabingwa. Yanazuia mpauko. Shea ya kaskazini mwa Uganda, ile Waacholi wanaiita moo yaa, ni laini kuliko ya Afrika Magharibi na inayeyuka kidoleni kabla hujaisugua. Mafuta ya mise (kiini cha mchikichi) ya Kigoma, ubuyu, parachichi, nyonyo kwa visigino. Kama huna hela ya haya yote, mafuta ya mgando ya dukani yaliyosafishwa vizuri yanafungia maji ndani ya ngozi kuliko chochote kilichopo mezani kwangu. Paka ukiwa bado una unyevu wa kuoga. Wateja hawapendi kusikia hilo kwa sababu yanatokana na mafuta ghafi ya petroli, lakini daktari wa ngozi atakuandikia hayohayo.

Nikinunua unga wa zinki nikachanganya kwenye mafuta yangu?

Nilijaribu. Nilichanganya kwa mwiko, nikaongeza nta ya nyuki, ikatoka nzuri, nyeupe, laini, inanukia. Kisha nikapaka tabaka jembamba juu ya kipande cha kioo nikakinyanyua dirishani. Niliona visiwa. Hapa kipande cheupe, hapa uwazi mtupu, hapa tena kipande. Unga huo unagandana, na kuutawanya sawasawa kunataka mashine ambayo sina wala wewe huna jikoni. Ngozi ingeungua kwenye zile nafasi zote. Na ukiumimina bila barakoa unauvuta mapafuni. Lile kopo nililimaliza kwa kupaka vipele vya joto vya watoto wa jirani, na kwa hilo lilifaa sana.

Kuna krimu ya "asilia" ya kung'arisha uso. Ni sawa na mkorogo?

Mara nyingi ni mkorogo uliovaa jani la kijani. Ninavyojua mimi, mmea unaomgeuza mtu rangi kwa wiki mbili haupo. Krimu ikifanya hivyo, ndani yake mna kimoja au vyote vya hivi vitatu.

Haidrokwinoni: inasimamisha melanini. Mikononi mwa daktari, kwa miezi michache, ni dawa. Ukijipaka miaka, ngozi inageuka na kuwa na weusi wa kibluu wenye chembechembe mashavuni na juu ya nyusi, na huo hautoki. Kadiri unavyozidisha krimu kuufuta ndivyo unavyozidi.

Steroidi, hasa klobetasoli: ngozi inakuwa nyororo na nyekundu mwezi wa kwanza, na unasifiwa. Kisha inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, michirizi mipana mapajani na makwapani, kidonda kinakataa kupona. Madaktari wa upasuaji wanalijua hilo, maana kumshona mtu wa mkorogo ni taabu.

Zebaki: inaharibu figo na mishipa ya fahamu, na inatoka kwenye uso wa mama kwenda kwa mtoto anayemlalia shavuni, kwenda kwenye taulo na mto. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, mwanzoni uliacha vipodozi vyenye zebaki chini ya sehemu moja kwa milioni. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa hata mwanya huo ifikapo 2025. Kwenye lebo inaweza kuandikwa calomel, mercurio, mercuric iodide au Hg. Na kama haijaandikwa, tafuta onyo la ajabu: "usiguse dhahabu, fedha wala aluminiamu". Krimu ya uso inagombana vipi na pete? Ni kwa sababu zebaki hula madini hayo.

Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zote zinakataza vipodozi vya namna hii. Vinaingia tu. Mimi huangalia vifundo vya vidole. Dada mmoja alikuja kutaka sabuni "ya kumalizia", uso kama wa mtu mwingine kabisa, na alipotoa noti kwenye pochi vile vifundo vilikuwa na weusi wake wa kuzaliwa, kumi vyote. Sikumuuzia. Nilimwambia aende kliniki ya ngozi kabla ya kuacha, na hilo nalisisitiza: aliyetumia steroidi muda mrefu asiache ghafla bila mtu wa kumwangalia, uso utamvimba na kuwaka moto, naye atairudia krimu akidhani ndiyo iliyokuwa ikimponya.

Nisome vipi lebo?

Viungo vinaandikwa kwa wingi wake, kinachozidi kinatangulia. Vitano vya mwanzo ndivyo unavyolipia. Jani la mwarobaini likiwa la kumi na saba, limeonja tu. Parfum ni neno moja linalobeba vitu kadhaa visivyotajwa, na ndiyo chanzo kikubwa cha muwasho. Kichoro cha kopo lililofunguliwa chenye 12M kinasema imalize ndani ya miezi 12 tangu uifungue.

Tanzania Bara, vipodozi vinasimamiwa na TBS, shirika la viwango, tangu mwaka 2019. Kabla ya hapo ilikuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, ambayo sasa ni TMDA na imebaki na dawa na vifaa tiba. Ukiona chupa mpya inajidai na nembo ya TFDA, jiulize imetengenezwa lini. Kenya ni KEBS, Uganda UNBS. Krimu isiyo na lebo kabisa, iliyopimwa kwa kijiko kutoka ndoo, usiipake hata kwenye kiatu.

Parabeni nizikimbie?

Kimbia, lakini uelewe unakimbilia wapi. Parabeni, ambazo huhifadhi losheni isioze, zinasemwa vibaya, na mijadala kuhusu homoni ipo. Ila chochote chenye maji bila kihifadhi ni chakula cha vijidudu. Mwaka wangu wa kwanza niliuza jeli ya alovera "isiyo na kihifadhi", nikijivunia. Wiki ya tatu mama mmoja alinirudishia kopo, akalifungua mbele ya wateja bila kusema neno. Juu kulikuwa na utando wa waridi, wenye manyoya. Nilirudisha pesa za makopo yote tisa, na tangu hapo nauza mafuta matupu na sabuni, vitu visivyooza upesi.

Limau, magadi, dawa ya meno?

Hapana kwa vyote vitatu. Limau na ndimu vina kitu ambacho kikikutana na jua ngozi inaungua malengelenge, kisha linabaki doa jeusi lenye umbo la matone yalivyotiririka. Mchuuzi wa juisi ya ndimu atakuonyesha mikono yake. Magadi yanaichubua ngozi. Dawa ya meno ni ya meno.

Liwa na singo je? Bibi alitumia.

Hapa naona raha kujibu. Liwa ni ule mti wa kunukia unaosuguliwa kwenye jiwe kwa maji kidogo, au kwa maji ya waridi, mpaka unatoka uji mzito wa rangi ya chai ya maziwa. Unasugua kwa mzunguko, mkono mmoja unashika jiwe, na harufu inakuja kabla ya uji. Ngazija, Mayotte na kaskazini mwa Madagaska wanawake hutembea nao mchana kweupe usoni, kwa Kikomoro unaitwa msindanu, na wengine huchora maua. Tabaka kavu kama hilo lazima linatia kivuli fulani. SPF yake? Sijawahi kuona kipimo ninachoweza kukuapia, kwa hiyo lifurahie kwa ubaridi na harufu, usilitumie badala ya losheni kama una mabaka.

Singo ni ya mwili: asumini, waridi, langilangi, mrehani, mpompia, karafuu na liwa, vikatwangwa na kusuguliwa mwili wa bi harusi Unguja mpaka anang'aa. Twanga siku hiyohiyo. Karafuu isizidi, inawasha, na usoni isiende kabisa. Na kama una ngozi inayodhuriwa upesi, paka kidogo ndani ya kiwiko jioni, ngoja siku mbili. Hiyo ni kwa kila kitu kipya, hata changu.

Mtoto mchanga?

Chini ya miezi sita hapakwi losheni ya jua. Kivuli, khanga, kofia. Mafuta yasiyo na manukato. Na wanja wa manga usimtie machoni wala kitovuni, mara nyingi una risasi, ile ya betri.

Riziki yangu ni watalii wa Nungwi, kule Unguja. Losheni "rafiki wa matumbawe" ni kweli?

Hawaii ilipitisha sheria mwaka 2018, ikaanza kazi Januari 2021, inayokataza kuuza losheni zenye oxybenzone na octinoxate. Palau ilitangulia mwaka 2020. Lakini maneno hayo kwenye chupa hayana kipimo, kama "asilia" tu, na yaliyopausha matumbawe yetu mwaka 1998 na 2016 ni maji kupata joto. Mgeni avae fulana ya mikono mirefu akiogelea. Hapo nusu ya losheni imeshapungua majini.

Nimeiona sokoni bei nusu. Ninunue?

Ilikaa wapi? Losheni ya jua iliyopangwa juu ya turubai juani tangu saa mbili asubuhi imeshachemka, na vichujio vingine havivumilii. Ukiifungua mafuta yakatoka kwanza na maji nyuma, imekufa.

Na wewe losheni ya jua unauza?

Siuzi. Sina maabara ya kuipima. Famasia ipo ng'ambo ya barabara, omba wakuonyeshe tarehe kabla ya kulipa. Jirani yangu wa meza ya pili anauza kofia za ukindu, anasuka mwenyewe. Jaribu uone ukingo wake: weka kiganja juu yake, vidole visichomoze nje. Vikichomoza, muombe akusukie kubwa zaidi, anamaliza kwa siku tatu.